Kadi za Baba Yake Ardith

Asubuhi ile ya mwisho mke wangu Ardith alikaanga mayai, tukala, kisha akaweka beseni la maji ya uvuguvugu mezani. Marehemu baba yake alikuwa amezibandika kadi zake za picha za wachezaji wa besiboli daftarini kwa gundi ya unga tangu utotoni, naye mke wangu alikuwa akizitoa ili wagawane na mdogo wake, ukurasa mmoja kwa siku.

Mdogo wake huyo, Merle, aliingia bila hodi, mkononi kisu cha kuchunia sungura.

"Wiki tatu unalowesha karatasi, dada. Unafua kadi au unanifichia?"

"Kaa unywe kahawa, Merle. Ukizivuta kavu, mgongo wa kadi unabaki ukurasani."

Merle akapenyeza kisu chini ya kadi, akavuta. Ikachanika vipande viwili. Ardith akampiga usoni kwa kikaango, damu ikamruka puani. Merle akamsukuma kwa mikono miwili, na kisogo cha Ardith kikagonga kona ya jiko la chuma. Nilimpiga shemeji yangu mpaka vidole vyangu vikavunjika. Haikusaidia kitu.

Ardith aliishi siku mbili tu baada ya hapo. Merle, kabla ya kuchukuliwa na polisi, alinituma nimwombee radhi kwa dada yake. Nilipomfikishia Ardith ujumbe huo, alifumbua macho akasema: "Mpe daftari, ila mwambie asivute. Azilaze majini, zitaachia zenyewe."