Mguu Mfupi wa Bibi Mwanaidi

Jamani, nimeaibika. Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei hapa Dodoma, na tulipoletewa programu ya kompyuta ya kupima mifupa, nilivimba kichwa.

Bibi Mwanaidi alitoka Kondoa akilalamikia nyonga ya kushoto. "Shikamoo bibi. Vua viatu, usimame wima," nikamwambia, macho kwenye skrini. Khanga yake ilifunika mpaka chini. Kompyuta ikachora mstari juu ya nyonga zote mbili: mguu wa kulia mfupi, sentimita mbili! "Wewe ni kiboko!" nikaisifu kwa sauti. Daktari akaniamini, akaagiza soli ya kiatu cha kulia iongezwe unene.

Jana, baada ya wiki kadhaa, bibi karudi na mkongojo, sasa hata mgongo unauma. Kumbe nimemtembeza bibi wa watu kombo muda wote huo. Daktari akataka turudie picha, yeye mwenyewe akiwepo. Bibi akaketi, akaninyooshea mguu wa kushoto.

"Mwanangu, nivue raba hii. Siku ile nilishindwa kuinama, nikavua ya kulia tu."

"Sasa bibi, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unaongea na kompyuta."