Kuipeleleza Nchi ya Mchumba

Posa ililetwa Ijumaa baada ya sala, na wanaume wawili ambao hata hawakuwa ndugu zake. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Mtu anayeposa huja na baba yake, ami zake, mjomba, watu ambao wakikudanganya unajua utawapata wapi. Huyu aliwaazima waumini wawili wa msikiti wa Mwabungo, kijiji alichopanga chumba, maana yeye mwenyewe ametoka Indonesia, kaja huku kusini kuwafundisha kina mama kilimo cha mwani. Kaka yangu mkubwa aliwajibu kama ilivyo desturi yetu: watupe muda. Kila aliyekuwa barazani alijua muda huo ni wa nini. Ni wa kumpeleleza mchumba.

Binti mwenyewe ni mtoto wa marehemu kaka yangu mdogo. Mamake aliolewa tena akahamia Mackinnon Road, na mtoto akabaki kwangu hapa Msambweni kabla hajang'oka hata jino moja. Mimi sikujaliwa kuzaa. Nimemlea, nimemsomesha, nimemwona akiwa katibu wa kikundi cha mwani, na huko kwenye mwani ndiko alikojuana na huyo mtaalamu wake. Akiolewa akachukuliwa ng'ambo, nitabaki peke yangu katika nyumba hii, nisijue kama amekula, kama amepigwa, kama analia. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi, na sikutaka mtu yeyote alijue.

Katika ukoo wetu upelelezi ni kazi yangu. Huendi ukauliza moja kwa moja, utapewa sifa tupu. Unakwenda kijijini kwao kama mtu mwenye shida zake, unanunua samaki, unaomba maji ya kunywa, unakaa. Unamsema vibaya kidogo jirani yake uone nani atamtetea. Mwaka mmoja nilikwenda Mkwiro kumchunguza mposaji wa binti wa dada yangu, nikajifanya natafuta dagaa wakavu. Nilimwona kijana mwenyewe akimkosha mamake miguu iliyovimba, hajui kama anatazamwa. Nilirudi nikasema mpeni, na mpaka leo hakuna aliyejuta.

Basi nikaanzia Mwabungo. Mwenye nyumba wake alinipa maji na habari. Ati kijana ana adabu, anafua nguo zake mwenyewe, anaswali, ila pilipili anayotia chakulani inawapigisha majirani chafya. Nilikuwa karibu kuinuka nikiwa nimeridhika, yule mama akaongeza jambo. Kila siku baada ya adhuhuri huketi nyuma ya nyumba akazungumza na mwanamke kwa simu. Anamwona usoni kabisa. Wanacheka.

Nilijua! Nilisema moyoni, mke huyo.

Sasa hapo upelelezi wangu ukagota. Baada ya nyumba ya kupanga unatakiwa uende kwao, na kwao ni Indonesia. Nitaombea wapi maji? Nitamsema vibaya jirani gani? Nikafanya lile ninalolijua. Nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote, somo la jamii, na nilipowafundisha watoto nchi yoyote niliigawa mafungu manne, historia, serikali, uchumi na jamii. Nikavaa miwani, nikashika simu, nikaanza kuipeleleza nchi nzima kana kwamba ndiyo iliyoleta posa.

Historia yao haikunituliza. Waholanzi waliwaendea kwa ajili ya karafuu na kungumanga, wakaja kama wafanyabiashara wanunuzi wa viungo tu, wakaishia kuwa mabwana wa visiwa chungu nzima kwa vizazi na vizazi. Baadaye wakaja Wajapani wakati wa vita vikuu, na hao walipoondoka Waholanzi wakataka kurudi, ikabidi watu wapigane ndipo waachiwe nchi yao. Wengine watasema ni habari ya mashujaa. Mimi nilisoma nikaona watu waliozoea kuambiwa kwamba mgeni amekuja kununua, kumbe amekuja kuchukua. Nikajiuliza kama na huyu kijana hakujifunza mtindo huohuo, maana alikuja kwa mwani.

Serikali nayo ilishikwa na jenerali mmoja miaka mingi mpaka wanafunzi walipoingia barabarani. Siku hizi wanampigia rais kura wenyewe, hazidishi vipindi viwili, wana bunge na magavana kama sisi. Kama sisi! Mtu aliyewahi kusikiliza ahadi za wakati wa kura hapa Kwale atanielewa kwa nini hilo halikunipa raha. Tena nilisoma kwamba mji wao mkuu unadidimia, bahari inaula, na serikali inajenga mwingine kwenye kisiwa kingine. Nilimsomea binti yangu sehemu hiyo kwa sauti, akiwa anakuna nazi. Aliniambia huko si kwao mchumba wake, kwao ni kisiwa kingine kabisa, Sulawesi. Nikamwuliza amejuaje. Akasema amesoma. Hakuinua kichwa.

Kwenye uchumi nilipata silaha. Wana makaa ya mawe, mawese, nikeli, na huo mwani ambao wanaulima kuliko karibu dunia nzima. Nikeli inachimbwa na wageni wanaokuja na meli zao. Nami nimeuona mchanga wetu mweusi ukichimbwa huku bara ya Msambweni na kupelekwa nje mpaka ukaisha, kwa hiyo habari za madini hazinivimbishi kichwa. Lakini lililonikaa rohoni ni kwamba wasichana wao nao wanakwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, kama wetu. Nilimwita binti yangu nikamwonyesha. Nikamwambia, nchi ingekuwa na raha hivyo, mabinti wake wangetoka kwa nini? Akasema labda mtu anaweza kutoka mahali pazuri vilevile. Nililiona jibu la kitoto nikaendelea kusoma.

Jamii ndiyo iliyonivunja nguvu kidogo. Waislamu wengi kupindukia, tena wa madhehebu yetu ya Kishafii. Maulidi wanasoma. Wana lugha chungu mbovu za makabila, na juu yake lugha moja ya pwani ya wafanyabiashara waliyoifanya ya taifa, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufafanuliwa. Wali, nazi, samaki. Kila nilipotafuta cha kuogopa nilijikuta jikoni kwangu. Na hilo nalo nililishuku, maana mtu anayefanana nawe sana ndiye unayemfungulia mlango bila kuuliza.

Siku za jibu zikakaribia. Nikamwita kijana nyumbani, nikamwambia sitaki maneno mengi, nataka kumwona mwanamke anayecheka naye mchana. Aliona haya mpaka masikio. Kiswahili chake bado cha kuokoteza, lakini alielewa. Akasema, "Ni mama, shangazi."

Nikamwambia huyo mama apigiwe sasa hivi, mbele yangu.

Tulikuwa tumetoka kuswali adhuhuri. Kijana aliketi mkekani, mimi kwenye kiti, na binti yangu, kama inavyompasa aliyeposwa, alikaa ukumbini nyuma ya pazia. Simu ikapokelewa. Kule ilikuwa magharibi tayari, nikasikia adhana, na mwanamke wa makamo yangu akatutaka radhi akaswali kwanza. Hilo nilimpa alama. Aliporudi alikuwa na ushungi mweupe na uso uleule wa kijana. Mama kweli, basi. Tukasalimiana kwa Kiarabu cha salamu, kisha kijana akawa mkalimani wetu, nami namtilia shaka kila neno, maana mamake husema maneno kumi na yeye ananiletea matatu.

Nilimwuliza kama mwanawe ana mke au mtoto huko. Akaapa hana. Nilimwuliza nani angemtazama binti yangu akiugua. Akasema yeye mwenyewe na wifi mtu mmoja anayekaa jirani. Kisha yule mama akafuta jicho na ncha ya ushungi, akasema jambo refu kwa sauti ya chini. Nikangoja. Kijana hakutafsiri. Nikamhimiza. Akatazama mkeka.

"Niambie," nikasema. "Unaficha nini?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Anasema amesoma habari za Kenya yote, shangazi. Fujo za kura, mabomu, vijana kuuawa barabarani. Anauliza kwa nini unataka kumchukua mwanawe akae huko."

Kwanza sikuelewa. Nilishangaa kwamba yule bibi naye alikuwa amevaa miwani akaipeleleza nchi yangu, akakuta mambo ambayo siwezi kuyakana. Kisha nikashangaa zaidi. Binti yangu ameijua lini lugha ya watu wale? Lugha haiingii kwa wiki moja. Nikamwambia atoke.

Alitoka, akaketi sakafuni karibu na miguu yangu. Kijana aliinamisha kichwa zaidi.

"Yeye alitaka tukae hapa," akasema. "Alimwambia mamake hivyo tangu mwanzo. Mimi ndiye ninayetaka kwenda. Nilikuwa bado sijamwambia mama mkwe, wala wewe."

Nikamwuliza amekosa nini hapa.

"Sijakosa kitu, shangazi. Ila hapa najua kila kitu. Najua mpaka mahali nitakapozikwa."

Iliniuma, sitadanganya. Nilitamani kumzaba kibao, nilitamani kumpakata kama alipokuwa mdogo, na sikufanya hata moja. Wiki nzima niliwashuku Waholanzi, majenerali, bahari, na mwanamume anayefua nguo zake mwenyewe. Desturi yetu ni kumchunguza mwenye kuleta posa. Hakuna anayemchunguza wa kwake, na mimi hata nilipomwuliza na akanijibu sikumsikia.

Simuni yule mama alikuwa akiuliza kuna nini. Nilimwambia binti yangu amjibu kwa lugha yake kwamba mwanawe hatachukuliwa na mtu, atarudi kwao, na atakuja na mke. Alisema. Yule mwanamke akaweka mkono kinywani, akaanza kulia kwa furaha, na mimi nikawa namtazama na kumwonea kijicho waziwazi.

"Nitakuwa nakuja kila mwaka," binti yangu akaniambia.

Nilishaiona ramani. Nilimwambia asiniahidi kitu.

Nikajitanda leso, nikaenda kwa kaka yangu kumwambia awaite wale wawili wa Mwabungo. Akaniuliza kama kijana nimemchunguza vya kutosha. Nikasema hana neno, apewe. Akauliza na nchi yake je, ikoje, maana alisikia naisoma usiku na mchana.

Nikamwambia ni kubwa, na iko mbali sana.