Mfinyanzi Aliyesahau Kumfunza Mwanawe

Lisikles alikuwa mfinyanzi, tena mfinyanzi mzuri, ila majirani zake katika mtaa wa wafinyanzi pale Athene walimjua zaidi kwa kutoonekana. Asubuhi alilowesha udongo. Mpita njia akitaja kwamba mwenye hekima fulani anazungumza kwenye uwanja wa mazoezi, yeye hufuta mikono na kwenda. Huko lilijadiliwa jambo lililomnyima usingizi: kazi ya kisu ni kukata, ya jicho ni kuona, je, mwanadamu kazi yake ni ipi, ambayo akiifanya vema atakuwa na furaha? Lisikles aliamini, na pengine hakukosea, kwamba hakuna swali kubwa kuliko hilo. Nyumbani udongo ulikauka. Mwanawe Timarkos alikua kando ya gurudumu la kufinyangia ambalo hakuna aliyemwonyesha namna ya kulitumia, kisha akaenda bandarini Pireo kubeba magunia.

Sasa mikono ya mzee ilitetemeka, na tanuri lake halikuwashwa tena. Akashuka Pireo kuomba hifadhi, akiijua vizuri sheria ya mji: mwana asiyefunzwa kazi na baba yake halazimiki kumlisha uzeeni.

"Baba, umepotea njia?" Timarkos aliuliza, gunia la shayiri begani. "Wenye hekima wako hawakai huku. Huku ni mabaharia na kunguni."

"Nimekufuata wewe, mwanangu. Nina njaa."

"Na ile furaha, mliipata?"

"Usinicheke."

"Sikucheki, mzee. Nauliza tu, maana mliitafuta sana."

Lisikles aliinamisha kichwa. "Sina ninachokudai. Sheria iko upande wako."

"Sheria naijua. Wabeba mizigo wote hapa tunaijua." Timarkos alitua gunia. "Kaa hapo kivulini. Mkate upo, zeituni zipo. Utalala kwangu."

Mzee alipokea mkate. "Kesho nitakufundisha udongo. Bado nakumbuka kila kitu."

"Mgongo wangu umeshazoea magunia, baba. Wewe kula."

Sauti ile haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Lisikles. Pengine wema huu ndiyo ile kazi ya mwanadamu waliyokuwa wakiijadili miaka yote. Hakuwa na hakika. Alichokijua ni kwamba kijana huyu hakuupata kwake. Alitamani kumsifu, akajiuliza kama ana haki hata hiyo, na alipoinua macho Timarkos alikuwa amekwisha kujitwika gunia na kuelekea ghalani.