Chujio Lililofanya Kazi Siku ya Sabato

Lori letu lilikuwa na dini mbili. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, Msabato, kwa hiyo Jumamosi halikutoka. Dereva alikuwa Mkatoliki wa kuwahi misa, kwa hiyo Jumapili nayo lilikaa. Siku zilizobaki lilibeba ndizi kutoka Ekerenyo kwenda Kericho, na karibu kila safari lilichemka.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Aliyepita barabara ya Keroka wakati huo lazima alituona: boneti wazi, mvuke unapanda, na dereva ameinama mtaroni anateka maji kwa kopo. Maji ya mitaro ya kwetu yana udongo mwekundu, lakini yeye hakuona taabu. Maji ni maji, alisema, na injini haina tumbo la kuumwa.

Mwishowe kichwa cha injini kilipinda kwa joto. Fundi wa mjini Kisii alikinyoosha, ila akaonya kwamba ikichemka tena vile, injini hiyo ya dizeli itakuwa chuma chakavu. Mume wangu alirudi nyumbani, akala, akanawa, kisha akatangaza kana kwamba anazungumzia mvua.

"Injini hii ikifa, tutauza shamba la bondeni tununue nyingine."

Shamba la bondeni lilikuwa chai yangu. Kila mche nilioupanda pale niliupanda kwa mkono wangu, mvua ikininyeshea mgongoni, nina mimba ya kifungua mimba wetu. Kwenye karatasi lilikuwa lake, maana kwetu wakati ule hata kuku wangu angeandikwa, angeandikwa jina lake. Nilikasirika hadi nikamwaga uji niliokuwa nimeshika. Yeye alidhani nimechoka, akanishauri nilale mapema.

Fundi alikuwa na dawa. Alisema tufunge chujio la maji kando ya injini: kopo la chuma lenye karatasi ya kuchuja ndani yake, pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Mpira mmoja ungeleta maji kwenye kopo, mwingine ungeyarudisha yakiwa safi. Kila mpira ulikuwa na koki ndogo yenye mkono wa kugeuza, ili siku ya kubadilisha kopo maji yasimwagike. Kabla ya kulifunga, aliiosha rejeta inayopoza maji ya injini, na tope lililotoka lilikuwa zito kama uji wa wimbi.

Wanaume wa kijiji walikuja kutazama. Mzee mmoja ambaye hakuwa ameokoka alilichungulia lile kopo kwa makini, akasema ameelewa. Ni kama mrija wa pombe, alisema, ule mrefu wa kunywea chunguni, wenye kijichujio nchani cha kuzuia machicha yasimfikie mnywaji. Sikuwahi kusikia maelezo bora ya chujio lile, hata kwa fundi mwenyewe. Lakini mume wangu, ambaye hakutaka hata harufu ya pombe uani kwake, aliifunga boneti na kuagiza wageni waletewe chai.

Ikaja Ijumaa. Nyumbani kwetu, kabla jua halijazama siku hiyo, kila kitu kilikuwa tayari: chakula kimepikwa, kuni zimepasuliwa, viatu vimepigwa rangi. Mume wangu akaongeza na chujio. Ikiwa injini inapumzika, alisema, na chujio lake lipumzike. Basi kila Ijumaa jioni aliilaza ile mikono ya koki, na Jumamosi, baada ya sala ya kuaga Sabato, akaisimamisha. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Dereva ndiye kabisa, kwa kuwa alishukiwa kuiona Jumamosi kama siku nyingine tu.

Mimi sikuwa tayari kuliachia kopo chai yangu. Nilikinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, nikayajaza kwenye madebe, na kila alfajiri nikayabeba hadi kwenye lori. Dereva nilimwambia kwamba nikisikia ameinama mtaroni tena, nitakwenda kumshtaki kwa padre wake. Alicheka. Halafu akanitazama usoni, akaacha kucheka.

Lori likaacha kuchemka. Likapanda milima yote hadi Kericho na kurudi, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. Mume wangu akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akasema moyo wa binadamu ni injini, nao unahitaji chujio, na watu wakaitikia amina. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: punde si punde chujio likawa somo kwa vijana, kisha somo kwa wachumba, na mwenye lori mmoja alitoka Ogembo kuja kuliona. Hakuna aliyeuliza maji yanatoka wapi. Nilikaa upande wa akina mama, mabega yakiniuma kwa madebe.

Wakati wa kubadilisha kopo ulipofika, fundi alikuja nyumbani siku ya Jumapili. Aliinama, akatazama, akauliza nani amefunga koki. Mume wangu akamjibu kwamba hazikufungwa. Amezifungua mwenyewe jana jioni.

"Mzee," fundi akasema, "mkono wa koki ukilala sambamba na mpira, maji yanapita. Ukikingama hivi, umefunga."

Mume wangu akaeleza, bado kwa sauti ya mimbarani, kwamba kilicholala kimepumzika, na kilichosimama kiko kazini. Fundi hakubishana na mzee wa kanisa. Alilifungua kopo, akalikata kwa msumeno, akatuonyesha karatasi ya ndani. Ilikuwa safi. Kumbe chujio letu lilikuwa wazi toka Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni, injini ikiwa imezimwa. Kazi yake yote lilikuwa likiifanya siku ya Sabato. Nilicheka hadi nikashika bodi ya lori nisianguke.

Mume wangu akasema jambo hilo lisitoke pale, kwa sababu ushuhuda ulikwisha kutolewa. Fundi akauliza, basi, tulikuwa tukitia maji gani?

"Ya nyumbani tu," mume wangu akajibu. "Mama watoto huchota."

Hapo kicheko kiliniisha. Jumatatu alfajiri sikubeba debe hata moja. Ndizi zilikuwa zimepakiwa. Dereva alikuja akasimama nje ya jiko langu, akasema bila maji yale yeye haondoki, maana hataki kuonana na padre. Baadaye akaja mume wangu, mwenye lori, akasimama pale pale, mlango ambao hakuwa na desturi ya kuukaribia.

"Mzee," nikamwambia, "kopo ulilisifu mbele ya kanisa. Basi na shamba la bondeni ukalitaje huko huko, kwamba ni langu na haliuzwi, hata injini ife."

Akasema hayo ni mambo ya nyumbani. Nikamjibu kwamba maji pia ni ya nyumbani, na yatabaki nyumbani. Alitazama ndizi, akatazama mlima, akakubali. Nilimpa maji ya wiki hiyo kwa kumwamini, na sikuwa na amani hata siku moja.

Sabato ilipofika, alisimama. Alianzia kwenye injini, akapitia kwenye moyo, akazunguka sana, kisha akasema haraka haraka kwamba shamba la chai la bondeni ni la mama watoto, na halitauzwa. Watu walidhani ni mfano mwingine, wakaitikia amina kwa nguvu. Hakuketi. Alikuwa akinitazama mimi, maana sauti yangu haikuwamo. Nilimwacha asimame kidogo, ndipo nikasema amina.