Majina ya Kizungu Niliyoyafunga kwa Uzi

Siku ya kwanza kazini Sur, Omani, nilivaa dishidasha, kanzu yao, mpya inayonikwaruza shingo. Mudiri, yaani mkuu wa stoo ya vitu vya kale, akaniuliza, "Unasoma Kiingereza?" Nikajibu, "Naam, bwana." Wallahi nilikuwa sijui hata herufi moja ya Kizungu. Unguja nilisoma chuoni, chuo cha Kurani, juzuu tu. Skuli niliingia mlango huu nikatokea ule. Lakini nilikuwa na mke na watoto watatu.

Stoo ile, vijana, ilijaa vitu vya Waingereza wa zamani: mashua, makafi, matandiko ya farasi na punda. Kafi na kasia si kitu kimoja, msije mkanichekesha. Kafi unalishika mikononi ukapiga maji. Kasia hulishikiza ubavuni mwa chombo; sisi kwa kishwara, kitanzi cha kamba, wao kwa kigingi cha mti.

Ngojeni kwanza, niwaambie ya Ibra, mji wa ndani mbali na bahari. Walinipeleka huko kwenye zizi la farasi nitunze seruji, matandiko ya kupandia. Ngozi imekauka, inapasuka. Mimi mtu wa vyombo vya baharini, dawa ya ukavu naijua moja tu: sifa, mafuta ya papa tunayopaka mbao. Nikazipaka seruji zote! Farasi wakaruka, mkuu wa zizi akaja mbio kaziba pua kwa kilemba. "Ya Seif! Umetuhamishia pwani ya Ashkhara na samaki wake humu ndani?" Wiki ile ile nikarudishwa Sur, na mimi mwenyewe nanuka.

Sur nikamkuta Mustashari, mshauri wa Kiingereza, mzee mwenye masikio mekundu. Kila asubuhi tukisafisha vitu alisoma majina katika daftari lake. "Seif, hii thwart." Ubao wa kukalia mvuta kasia. "Hii thole." Kile kigingi. "Crupper." Ukanda unaopita chini ya mkia wa mnyama, tandiko lisiteleze mbele. Alisema hata Waingereza wa leo wengi hawayajui maneno hayo. Basi mimi naogopa siku moja ataniambia nisome! Kila neno nililiandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kama bibi zetu walivyoandika barua zao za Kiswahili, juu ya kipande cha kitambaa, nikakifunga kwa uzi kwenye kitu chake, pasipoonekana. Yeye akidhani nasoma kadi za majina alizoandikia maonyesho.

Mustashari akaugua, akarudi kwao na daftari lake, akafia huko. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa ufunguliwe, na Mudiri alishaniahidi niwe msimamizi wa ukumbi huo. Siku moja kabla, Zuwena, karani wetu kijana, watu wake wametoka Bujumbura, akapanga kila kadi kando ya kitu chake. Joto lile! Nikawasha feni kubwa. Kadi zote zikaruka kama njiwa.

"Ami Seif, umefanya nini!" Zuwena akashika kichwa. "Mimi nilifuata tu mpangilio wa kadi aliouacha Mustashari, na sasa umevurugika. Chuo kikuu miaka minne, haya maneno sijayaona. Okay, wewe ulikuwa naye. Shika, panga."

Nikazishika.

"Ami, hiyo umeigeuza juu chini."

Ningeweza kusema nimesahau miwani. Nilishasema hivyo miaka. Lakini angebahatisha, kazi ya yule mzee ingekuwa kichekesho mbele ya wageni. Na nikisema kweli, usimamizi umekwenda, pengine na mshahara.

"Zuwena mwanangu, mimi sijui kusoma hizi. Zisome wewe kwa sauti."

Hakucheka. "Thole!" Nikazama chini ya mashua, nikachomoa kitambaa: hiki hapa! "Girth!" Mshipi wa tumbo, huu hapa! Tunakimbia, jasho linatutoka, anapiga makofi kila tunapopata. Mimi nimejilaza chini ya tandiko la punda, nikaona viatu vya Mudiri.

Akachukua kitambaa mkononi mwangu, akakisoma polepole. "Krapa. Nini hiki?"

"Kiingereza, bwana."

"Seif, siku ya kwanza nilikuuliza."

"Uliniuliza, nami nilikudanganya."

Akazitazama kadi mkononi mwa Zuwena, feni inazipeperusha.

"Vimebaki vingapi?"

"Kumi na tatu."

Akakunja mikono ya dishidasha. "Soma, Zuwena. Na feni hiyo izimeni!"

Ukumbi ukafunguliwa, kila kadi mahali pake. Usimamizi alipewa Zuwena, na ilikuwa haki yake. Mimi nikabaki msaidizi. "Lakini sharti moja," Mudiri akamwambia, "kila asubuhi umsomeshe huyu mzee." Nilinuna siku mbili tatu, siwafichi. Halafu nikaenda.

Leo nimestaafu, magoti yanalia, na haya naandika mwenyewe, herufi za Kizungu, polepole. Miaka ile ya kujificha ilinichosha kuliko kubeba makasia. Asiyejua na aseme, afundishwe, kazi iende.

Asubuhi moja, siku zile za kusomeshwa, Zuwena hajafika bado, nikasimama peke yangu mbele ya kadi ya kasia. Neno fupi, katikati maduara mawili kama macho yananitazama. Loom. Mpini wa kasia! Nikapiga kelele, mlinzi akaja mbio na kirungu. "Kuna nini, ya Seif?"

"Limesomeka!" nikamwambia. "Njoo uone, limesomeka!"