Vioo Sita Vikavu

Hospitalini walimwita Jicho. Jina hilo alilipata mwaka wake wa pili maabara, alipoona vijidudu kwenye kioo cha makohozi ambacho wenzake wawili walikuwa wamekwisha kusema hakina kitu. Mgonjwa akatibiwa, akapona. Tangu siku hiyo, daktari akiwa na shaka husema, "Mpelekeeni Jicho."

Kazi yake ilikuwa kutafuta kifua kikuu. Makohozi hupakwa kwenye kipande cha kioo, yakatiwa rangi, kisha yeye huinamia darubini kusaka vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Kioo kimoja, kwa mtu asiyelipua kazi, hula karibu dakika kumi. Walipokuwa watatu walisoma vioo sitini kwa siku na bado wakapata nafasi ya kutaniana. Kisha mmoja akastaafu, wa pili akahamishwa, na viti vyao vikawa pa kuwekea maboksi ya glovu. Wagonjwa hawakustaafu. Vioo vikafika themanini, na mlangoni likabandikwa tangazo: majibu yote yatoke siku hiyo hiyo.

Alikwenda kwa mkuu wa maabara.

"Mkuu, nazidiwa."

"Dada, ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Nundu yangu naijua. Hizi ni za ng'ombe watatu."

Mkuu alicheka sana, akasema maneno hayo atayapeleka kwenye kikao. Akamwahidi mtu mpya. Mvua zikaja, zikaisha, mtu hakuonekana.

Basi akaanza kupunguza. Dakika kumi zikawa tano, tano zikawa mbili. Alijua anachofanya, na kujua huko ndiko kulikomla. Akifumba macho aliona vijiti vyekundu vikielea. Asubuhi alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mpaka mumewe, fundi seremala, aje amvishe kama mtoto.

Siku moja, wakati wa chakula, mmoja wa mabinti zake pacha alikohoa. Jicho alirusha kijiko, akamshika mtoto mabega.

"Umeanza lini kukohoa? Sema! Lini?"

Mtoto akaangua kilio.

"Mama Pacha," mumewe akasema taratibu, "amepaliwa na maji tu."

"Wewe umejuaje? Umempima?"

"Na wewe nani anakupima?"

Alinyanyuka, akajifungia bafuni. Alifungua bomba ili wasimsikie.

Jumatano iliyofuata alikuwa akitafuta vioo vipya kwenye kabati. Nyuma ya boksi akakuta sinia dogo lenye vioo sita. Namba zake zilikuwa za wiki iliyopita. Kioo kilichosomwa hubaki na mafuta yanayowekwa chini ya lenzi. Hivi vilikuwa vikavu. Hakuna aliyevisoma.

Alifungua daftari la majibu. Namba zote sita zilikuwepo, na mbele ya kila moja pameandikwa: hakuna vijidudu. Mwandiko ulikuwa wake. Alijaribu kukumbuka alipoandika, akakuta patupu.

Akavisoma pale pale, hakuharakisha, huku watu wakigonga dirisha. Vitano vilikuwa salama. Cha sita kilijaa vijiti vyekundu kama moto kwenye nyasi.

Mkuu alipoelezwa, alifunga mlango kwanza.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi daftari liache lilivyo. Mgonjwa akirudi na kikohozi tutampima upya, yaishe."

"Na asiporudi?"

Mkuu akatazama meza. "Dada, ukiandika hili, mimi na wewe tumekwisha."

"Mimi nimekwisha zamani, Mkuu."

Aliandika maelezo kurasa mbili, akatia sahihi. Simu ya mgonjwa haikupatikana, kwa hiyo akachukua anwani na kwenda kwa miguu, hata koti la kazi hakuvua. Mgonjwa alikuwa mama mmoja, mwalimu wa chekechea, mwembamba, anaishi chumba kimoja karibu na kiwanda cha matofali. Alifungua mlango akiwa amembeba mwanawe wa miaka miwili.

"Majibu tuliyokupa hayakuwa sahihi," Jicho alisema. "Una kifua kikuu. Kina dawa, na utapona, lakini uje kesho, na mtoto uje naye."

Mwalimu hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Dada, mimi niliogopa, nikamtenga mtoto kwa mama yangu. Mliponiambia sina kitu nikamrudisha. Wiki nzima nimelala naye kifuani."

Jicho alitaka kusema kuhusu vioo themanini na viti vyenye maboksi. Alipomtazama mtoto, maneno yote yakawa aibu. Akasema, "Mimi ndiye niliyekosea." Mwalimu akafunga mlango polepole.

Walikuja kesho yake. Mtoto naye alikutwa anaumwa. Daktari alisema huenda aliambukizwa zamani, kabla hata ya majibu yale. Katika maneno yote hayo Jicho alisikia "huenda" peke yake, na hilo ndilo analolala nalo na kuamka nalo.

Alipewa barua ya onyo, na kwa cheti cha daktari, likizo ya mwezi mmoja. Mama na mtoto wanaendelea na dawa. Jicho hukaa uani, karibu na mumewe anayepiga randa, na pacha wamejifunza kukohoa wakiwa wamegeukia ukutani ili asiwaone.

Wiki ya tatu ya likizo, dada wa kitengo cha damu alikuja kumwona; ndiye aliyewekwa kwenye darubini mahali pake, na kazi yake ya zamani hakupunguziwa. Alikalia benchi, mkoba mapajani.

"Jana vilikuwa tisini na saba," akasema. "Nifundishe, dada. Wewe uliwezaje miaka yote hiyo?"

Jicho akamshika mikono yote miwili. Wakakaa hivyo, randa ikiendelea kukwangua mbao, mpaka mgeni akasema lazima arudi kazini.