Lenta ya Kahama, Shenaji ya Mururu

Nilifunga safari ya Rusizi, Rwanda, kwa ajili ya paa. Mdogo wangu Zuhura, aliyeolewa Kamembe na fundi viatu aitwaye Hassan, alinipigia simu kwamba kuta za nyumba yao zimekamilika na Jumamosi wanasakara. Nikamuuliza kusakara ndiyo nini. Akacheka, akasema ndiyo kupaua, dada, mimi nimeshakuwa mtu wa huku. Nyumba hiyo niliichora mwenyewe, hapa Kahama, juu ya meza yangu ya chakula, na maelekezo yote niliyatuma kwa simu. Nimejenga miaka mingi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, lakini nikisikia nyumba yangu inapauliwa bado situlii. Nikamuaga mteja wangu, nikatia timazi na pima maji kwenye begi, na Jumatatu alfajiri nikawa ndani ya basi.

Mchana tulifika Rusumo, mpakani. Ukishavuka daraja magari yanahamia kulia, na lori la kwanza lililotujia upande nisioutegemea lilinifanya nikanyage breki ambayo sikuwa nayo. Abiria wa mbele aligeuka kunitazama. Nililala Kigali, nikiwa nimechoka na nina furaha kama mtu anayekwenda harusini.

Jumanne asubuhi tulishika njia ya Huye, kisha msitu wa Nyungwe. Humo kuna ukungu na baridi ya kweli, na nyani wamekaa kando ya lami kama wanangoja usafiri. Jirani yangu alikuwa mama mfanyabiashara wa Kamembe. Alipojua mimi ni fundi alianza kunifundisha: mabati kwao ni manjanja, saruji ni sima, tofali ni tafari. Niliandika yote kwenye daftari. Tulipotoka msituni, mashamba ya chai yakatandazika pande zote, na mbele kabisa nikaliona ziwa Kivu kwa mara ya kwanza. Sikujua nimesema kwa sauti, "Jamani!", mpaka yule mama aliponigonga goti akicheka.

Jumatano asubuhi Zuhura na Hassan walinipeleka Mururu, kwenye kiwanja chao. Kiko kwenye mteremko mkali, na ukisimama mlangoni unaiona Bukavu ya Kongo ng'ambo ya mto, nyumba juu ya nyumba. Kenchi za mbao zilikuwa tayari zimepangwa chini, zinangoja kupandishwa. Fundi mkuu, Papa Bahati, ni mtu wa Bukavu. Kila asubuhi huvuka mpaka kwa miguu pale Rusizi ya pili, na begi lake la vifaa begani. Matofali yake yamenyooka kiasi kwamba nilitoa timazi kwa kujionyesha tu. Kisha nikainua macho juu ya kuta. Lenta ya kuzunguka kuta zote haikuwepo.

Nikauliza iko wapi. Papa Bahati akanionyesha boriti fupi ya zege juu ya mlango, na nyingine juu ya kila dirisha. Hapo nikafoka. Nilisema maneno ambayo mama yetu angenifinya kwayo, na yule mzee alisimama akisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Maman, uliomba lento," akasema. "Lento ni ya mulango na dirisha. Ile ya kuzunguka nyumba yote, siye tunaiita shenaji."

Akaweka kiganja ukutani, pale mlangoni, akaanza kutembea. Alipita kona ya kwanza, mkono wake ukiburuzika juu ya matofali, akapotea nyuma ya nyumba, kisha akatokea upande wa pili na kurudi mlangoni palepale.

"Hii ndiyo shenaji. Ni nyororo ya kufunga nyumba. Udongo ya huku inatetemekaka."

Nilimuuliza kwa nini basi hakushangaa kuona mchoro wa fundi mzima hauna kitu hicho. Alisema alishangaa sana, akaenda kumuuliza Hassan, naye akamwambia afuate vile dada alivyosema, kwa kuwa dada ndiye anayejua. Nikamtazama Hassan. Hassan akatazama viatu vyake.

Niliona haya, nisiwafiche. Sisi tukisema "funga lenta" tunamaanisha mkanda wa zege na nondo juu ya kuta zote, unaozishika kona zisiachane. Bila huo, ardhi ikitikisika kila ukuta unakwenda njia yake. Ndani ya ramani sikuuchora, niliona kila fundi anajua. Nilituma neno moja tu kwa simu, na kwa Kifaransa cha mafundi wa huku neno hilo linaishia juu ya mlango. Na ndani ya nyumba hiyo watalala watoto watatu wa mdogo wangu.

Hassan hakupenda kuahirisha. Wageni wa Jumamosi walikuwa wamealikwa, na nyumba ya kupanga walitakiwa kuiacha mwisho wa mwezi. Akauliza kama paa haliwezi kupanda kwanza. Papa Bahati alitikisa kichwa. Zuhura alikuwa ameketi juu ya kenchi.

"Vikombe vyangu vimeshaanguka kabatini mara mbili tangu nije huku," akasema. "Vikombe nilinunua vingine. Paa lingoje."

Alhamisi na Ijumaa tulifanya kazi kama tuna wazimu. Hassan alileta nondo, wenyewe wanaita feri, na mbao za kufungia zege. Mimi na Papa Bahati tulikaa ukuta mmoja, tunasuka nondo na kutaniana. Neno "zege" lilimchekesha, alidai ni jina la utani la mtoto mnene. Nami nilipoomba mwiko, mama jirani aliyekuwa akitutazama aliingia jikoni kwake akaniletea wa kusongea ugali. Papa Bahati alilazimika kushuka ngazi ili acheke vizuri. Mwiko wa fundi kwao ni triweli.

Jumamosi saa tatu wageni walifika wamependeza, kanzu na vitenge, wakitegemea kuona manjanja. Zuhura aliwaeleza. Nilitarajia wanune. Badala yake shemeji mmoja alivua kanzu akabaki na suruali, mwingine akamfuata, na kufumba na kufumbua walijipanga kutoka kwenye lundo la kokoto mpaka juu ya ukuta, ndoo zinapita mkono kwa mkono. Zege hilo halitakiwi kukatizwa, nasi hatukukatiza. Nilikuwa juu, nashindilia, nimelowa jasho, napiga kelele za furaha kama niko uwanja wa mpira. Tulipofunga kona ya mwisho palipigwa vigelegele. Pilau tuliila tumekaa juu ya kenchi.

Jumanne niliaga. Nilichokwenda kukiona sikukiona, maana paa lilipanda baada ya mimi kuondoka, na picha yake ninayo kwenye simu. Papa Bahati alinisindikiza mpaka barabarani. Akasema, "Siku ingine usinitumie jina tu, maman. Unitembeze."

Wiki hii nimeanza kazi mpya hapahapa Kahama, na nimepata fundi mgeni, Masanja, mtu wa Shinyanga, mkono mzuri sana. Nilimuuliza kama anajua kufunga lenta. Akasema anaijua sana, ameshafunga nyingi. Zamani ningeridhika. Safari hii nilimwambia aweke mkono ukutani anionyeshe inapopita.

Masanja alianzia mlangoni. Akatembea mpaka dirishani, akaupitisha mkono juu ya dirisha, kisha akaushusha na kufuta vumbi.

"Imeishia hapo, mama," akasema.

Nikamshika mkono, nikaurudisha ukutani, tukazunguka naye nyumba nzima.